Kaktasi ya ndani imebabuka na jua la kaskazi, sasa ni kipupwe. Itarudi?

#1 BintiMaweni
Wakuu, hamjambo? Wenye mkono wa mimea naomba mpite hapa. Nina kaktasi ndefu ya mbavu mbavu, inanifika kiunoni. Aliniachia Mtaliano niliyekuwa nikimfanyia kazi hapa Malindi alipohama. Miaka yote imekaa sebuleni, dirishani kuna pazia. Mwezi wa pili wakaingia mafundi wa rangi. Vyombo vyote wakavitoa uani, na kaktasi wakaiegemeza ukuta uliotoka kupakwa chokaa, juani moja kwa moja, hadi kazi ilipokwisha. Kurudi ndani, ubavu mmoja mweupe. Baadaye ukawa wa manjano, na sasa ni kahawia, mkavu, ukiugonga kwa ukucha unalia ko ko. Ubavu wa pili kijani safi. Tangu mvua za mwezi wa tano zianze haijaongezeka hata kidole. Je, rangi itarudi? Niimwagie maji au niiache? Na hivi sasa kusi inavuma na jua limepoa, nikiitoa nje kidogo kidogo itapata nafuu au ndiyo nitaimalizia? Picha tatu nimeweka.

#2 NahodhaMstaafu
Ukigonga inalia ko ko? Subiri hapo hapo mlangoni, huenda wenyewe wanakuja kufungua.

#3 MzeeWaGede
Binti, salama. Hiyo imebabuka na jua, hakuna la kuzungusha. Mmea uliokaa kivulini ngozi yake haijazoea. Ukitolewa ghafla kwenye jua kali, klorofili, ile rangi yake ya kijani, huharibika haraka kuliko mmea unavyoweza kuitengeneza. Ndipo unaona weupe, kisha manjano, kisha lile gamba la kahawia. Gamba hilo ni kovu la moto, halirudi kijani leo wala mwakani.
Usiutazame ubavu, tazama kileleni. Kilele kikiwa kijani na miiba michanga inatoka, mmea u hai na utaendelea kupanda juu, kovu likibaki chini. Cha kukutia wasiwasi ni kulainika. Bonyeza kwa mpini wa kijiko. Pakiwa pagumu na pakavu, ni jua. Pakibonyea na kutoa maji yenye harufu, ni kuoza, na hapo dawa ni kisu tu.

#4 MwanaLangoni
Mzee, kwa heshima, sikubali kwamba ni yua peke yake. Mimi niko Amu (Lamu), roshani yangu yatazama bahari. Mimea yangu hufanya rangi hiyo hiyo wakati wa kusi, wala hakuna yua la kuunguza kitu. Ni chumvi. Upepo hubeba unyunyu wa mawimbi, ukatua juu ya mmea, ukakauka, chumvi ikaanza kunyonya maji ya ngozi. Binti, kwako na bahari ni mbali kadiri gani?

#5 BintiMaweni
@MwanaLangoni bahari siioni, naisikia tu usiku ikichafuka. Lakini mavyuma ya madirisha yangu yanaliwa na kutu, kwa hiyo chumvi inafika.

#6 fundi_chokaa
Naona mafundi wa rangi tumeshahukumiwa kabla hatujasikizwa. Niseme la kazi yangu. Chokaa mbichi ina ukali, sisi wenyewe mikono hutubabuka tusipovaa glavu. Lakini ikiurukia mmea huacha madoa madoa, haitandi ubavu mzima. Kwa hiyo si chokaa kwa kugusa. Ni chokaa kwa mwanga. Ukuta mweupe mpya saa 7 mchana mwezi wa pili hata macho hauyaruhusu kuutazama. Mmea ule ulipigwa na jua mbele, na ukuta ukaurudishia nyuma.
Binti, ubavu ulioungua ulitazama ukutani au uani?

#7 BintiMaweni
Shangazi anasema ulitazama ukutani. Mdogo wangu anaapa ulitazama nje. Wote wawili walikuwepo, na wote hawajazungumza vizuri tangu jana usiku kwa sababu ya swali lako.

#8 MpwaniTorino
Mzaliwa wa Malindi, niko Torino, Italia. Huku kaktasi ziko kila dirisha, na taabu zake nyingi huja msimu wa baridi. Mchana wa Desemba urefu wake haufiki saa 9, na mwanga wenyewe hafifu. Wenye uzoefu huzihamishia chumba kisicho na hita, nyuzi 8 hadi 12 hivi, kisha maji huyakata kuanzia Novemba mpaka karibu na Machi. Zinalala. Iliyoungua wakati wa kiangazi ikilazwa hivyo, ikiamka huanza upya kileleni. Ile inayobaki kwenye joto la sebuleni huku inamwagiwa maji na mwanga hautoshi, hurefuka nyembamba, rangi imefifia, na haijisimamii tena. Hata jua likirudi, ile sehemu nyembamba hainenepi.
Kwa hiyo Binti: kata maji, weka dirisha la kusini, subiri.

#9 MzeeWaGede
@MpwaniTorino ahsante kwa darasa, lakini dirisha la kusini ni la huko kwenu. Malindi iko nyuzi 3 na ushei kusini mwa ikweta. Jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 12 Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Kati ya hapo, yaani msimu wote wa kusi, jua la adhuhuri liko upande wetu wa kaskazini. Mwezi wa Juni hulalia huko kwa nyuzi 26 na zaidi kutoka utosini. Dirisha la kusini sasa hivi halioni jua la mchana kabisa. Desemba na Januari mambo hugeuka, ndilo linalochomwa.
Nasema hivi kwa kuwa watu husoma ushauri wa Ulaya wakafuata vile vile, kisha wanashangaa mmea unarefuka kivulini. Dirisha lisilo na hila hapa petu ni la mashariki. Jua la asubuhi mpaka saa 3 au saa 4, basi.

#10 MkulimaSabaki
Naongezea hapo. Huko kulala nako kutatoka wapi? Usiku wa Julai Malindi ni nyuzi 22 hivi. Na tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi kwetu mwaka mzima haifiki nusu saa. Kaktasi haioni majira ya baridi hapa hata ikitaka. Inachokiona ni mawingu, unyevu hewani, na udongo usiokauka. Ukiikata maji miezi minne kwa joto hili itajikunja mbavu, na mizizi myembamba itakufa. Ukiimwagia kwa ratiba ya kaskazi, itaoza. Chukua kijiti cha mshikaki, kizamishe hadi chini ya chungu, kiache kidogo, kitoe. Kikitoka na udongo umeganda, ondoka zako. Kikitoka kikavu hadi ncha, mwagia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Chungu kikubwa ndani ya nyumba msimu huu kinaweza kukaa wiki tatu au mwezi bila kukauka.

#11 MpwaniTorino
Nyuzi 22 ndiyo kipupwe! Huku ikifika nyuzi 22 watu wanavua mashati na kulala bustanini.
Dirisha nimekubali, nimesahau jua la nyumbani. La maji sikubali. Mmea ulioungua umepoteza nusu ya ngozi inayofanya kazi, kwa hiyo unakunywa kidogo kuliko zamani. Mwagilia nusu ya unavyodhani.

#12 MkulimaSabaki
Nusu ya maji ndiyo inayoharibu. Unalowesha juu, mizizi ya chini inabaki kavu. Punguza mara, usipunguze kipimo.

#13 BiKiwandani
Wanangu, mbona mwaifanya dungusi ngumu hivi? Lile gamba mpake utomvu wa shubiri usiku, asubuhi mpanguse. Ama mafuta ya nazi kidogo tu. Bibi yangu kiwandani (uani) kwetu Amu alipaka kila kitu mafuta ya nazi na kila kitu kilimea.

#14 Kijana_wa_Barani
Bi Kiwandani, shikamoo. Mafuta hapana. Kaktasi hufungua matundu yake ya hewa usiku, ndipo huvuta hewa ya kaboni na kuiweka akiba kama asidi. Mchana huyafunga ili isipoteze maji, huku mwanga wa jua unatumika kuitengeneza sukari ile akiba. Ukiipaka mafuta usiku unaiziba saa ile ile inapotaka kuvuta. Na ngozi yenye mafuta ikipata jua huungua zaidi.

#15 BiKiwandani
Marahaba mwanangu. Basi na hiyo shubiri?

#16 Kijana_wa_Barani
Shubiri haitadhuru sana. Haitasaidia pia.

#17 NahodhaMstaafu
Kitu kinachopumua usiku na kujifungia mchana. Mimi namjua jirani wa namna hiyo, sikujua kwamba ni mmea.

#18 Kijana_wa_Barani
Kuna jambo hatujaliuliza. Hakika ni kaktasi? Nyingi za mbavu zinazopandwa kwenye nyumba za wageni huku si kaktasi, ni jamaa wa mnyaa. Kaktasi karibu zote asili yao ni bara la Amerika. Tazama miiba inapotoka. Kaktasi ina kijidoa chenye manyoya, miiba yote huchipuka hapo. Jamaa wa mnyaa hawana hicho kijidoa, na ukiwachoma kwa sindano hutoa utomvu mweupe. Utomvu huo usikaribie macho, ni hatari ya kweli. Nanawa mikono mara mbili nikishaugusa.

#19 MzeeWaGede
"Karibu zote" umesema vizuri. Iko moja ya kuning'inia mitini, Rhipsalis baccifera, hupatikana yenyewe kwenye misitu ya Afrika Mashariki na hata Madagaska na Sri Lanka. Haina miiba ya kuonekana, watu huipita wakidhani ni kamba.

#20 BintiMaweni
Nimetazama kwa tochi ya simu. Manyoya yapo, ya kijivu, miiba inatoka hapo hapo. Nimechoma kwa sindano pembeni, maji meupe hakuna, ni utelezi tu usio na rangi. Na nimebonyeza kwa kijiko: gamba ni gumu. Ila kileleni kuna kitu sikukiona mwanzo, nimeweka picha ya nne.

#21 mama_wa_vyungu
Hiyo picha ya nne inanitisha kuliko kovu lenyewe. Ukahawia wa vumbi vumbi kuzunguka kilele, na utando mwembamba baina ya miiba. Jua haliunguzi kwa mtindo huo. Jua huunguza upande mmoja. Utitiri mwekundu huanzia kileleni kwenye ngozi changa, unazunguka pande zote. Weka karatasi nyeupe chini, gongagonga miiba kwa brashi, kisha tazama vidoa vinavyoanguka kama vinatembea. Vikitembea, huenda kaktasi haikukua tangu Mei kwa sababu ya hao, wala si jua wala maji.

#22 MwanaLangoni
Utitiri msimu wa mvua? Hao wapenda ukavu na joto.

#23 mama_wa_vyungu
Ndani ya nyumba hakunyeshi, Mwana Langoni. Na huyo alikaa uani kaskazi nzima.

#24 BintiMaweni
Kaskazi nzima hapana, dada. Ni mpaka rangi ilipokauka tu. Karatasi nimeweka. Vimeanguka vitu. Shangazi anasema vinatembea. Mimi naona vumbi. Miwani yake ni ya kusomea, yangu sina.

#25 NahodhaMstaafu
Nyumba hii kila ushahidi una wakili wawili.

#26 MwanaLangoni
Ikiwa ni wadudu, mwarobaini upo kila uchochoro. Twanga majani, loweka usiku kucha, chuja, nyunyiza magharibi. Si mchana. Rudia baada ya juma moja kwa ajili ya mayai. Mafuta ya mwarobaini ya dukani pia yafaa ila changanya na maji na sabuni kidogo, na mmea ubaki kivulini siku hizo, maana Kijana wa Barani amesema kweli juu ya mafuta na yua.
Na maji unayonyunyizia ni ya wapi? Huku kwetu ya visima vya Shela twayasifu, lakini kisima cha mjini kikikaribia bahari huwa na chumvi. Maji magumu huacha weupe mkavu juu ya ngozi, mtu akadhani ni ugonjwa. Maji ya mvua kwenye jabia (birika la nyumbani) ndiyo bora, na msimu huu ni ya bure.

#27 Laikipia_Kwetu
Nacheka peke yangu. Nyinyi pwani mnahangaika kuiponya moja, sisi Laikipia tunahangaika kuziua zote. Ile ya majani bapa, Opuntia stricta, imetwaa malisho. Mbuzi na ng'ombe wakila matunda yake vile vimiiba vidogo vinawachoma midomo mpaka matumboni. Dawa iliyoleta nafuu ni mdudu, Dactylopius opuntiae, anayeinyonya hadi inanyauka. Msije mkanifukuza hapa, ila tafadhali: vipande mnavyokata msivitupe porini. Kipande kimoja kikilala chini kinaota mizizi.

#28 BiKiwandani
Amu huwezi kutupa kitu chini, punda hukila kabla hakijatua.

#29 MzeeWaGede
@Laikipia_Kwetu karibu, hakuna wa kukufukuza. Hii ya Binti ni ya mbavu, jamii ya Cereus nadhani, haina fujo kama hiyo yenu. Lakini onyo ni zuri.
Turudi kwenye jua, maana Binti aliuliza kama aitoe sasa. Mimi nasema ndiyo, na wakati huu ndio wakati. Mawingu yapo, jua halichomi kama la Februari. Anza kwa muda wa saa moja tu, asubuhi, barazani, ongeza taratibu kwa wiki mbili tatu. Ikifika Oktoba jua litakapopita tena utosini, iwe imeshajenga ngozi. Ukiificha mpaka kaskazi, hadithi itakuwa ile ile.

#30 mama_wa_vyungu
Mzee, na unyevu? Ukiitoa sasa utainyeshea, na ngozi iliyoungua ina nyufa. Maji yakikaa kwenye nyufa, ukungu unaingia. Nimeona kaktasi iliyostahimili jua ikafa kwa manyunyu ya Julai. Mimi ningeiweka karibu na dirisha la mashariki, pazia jepesi, na nje isitoke mpaka Septemba.

#31 MzeeWaGede
Barazani kuna paa, mama.

#32 mama_wa_vyungu
Na kusi inaleta mvua ya kulala, Mzee. Paa linazuia ya kusimama tu.

#33 MpwaniTorino
Kama ndani hakuna mwanga wa kutosha, taa nyeupe ya LED juu yake, umbali wa sentimita 30 hivi, saa 12 kwa siku. Huku ndivyo tunavyopita Januari.

#34 fundi_chokaa
Saa 12 kwa siku kwa bei ya tokeni za umeme za leo? Hiyo kaktasi ianze kutafuta kazi.

#35 BintiMaweni
Nashukuru sana nyote. Nimeanza na mwarobaini magharibi hii, maji nimeacha, dirisha la mashariki nimelifungua. Swali la udongo: alioniachia Mtaliano ni mweusi, umeshikamana, maji yanakaa juu kabla ya kuzama. Nibadilishe sasa? Mbolea nitie?

#36 MkulimaSabaki
Udongo huo ndio utakaoiua, hata kama jua na utitiri vingeshindwa. Badilisha, ila usubiri ukauke kwanza kabisa, ndipo uutoe mmea kwa gunia umefunga mbavu. Nusu mchanga wa mto, ule mkubwa mkubwa wa Sabaki, nusu udongo wenye samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, na kokoto ndogo kiasi. Mchanga wa pwani usitumie, na ukilazimika uoshe kwa maji matamu mara nyingi hadi ukiulamba hauna chumvi. Chungu cha udongo, si cha plastiki. Ukishapanda, usimwagie wiki nzima, mizizi iliyochubuka ipone.

#37 MpwaniTorino
Kubadilisha udongo msimu wa kukua polepole ni kuutafutia mmea maradhi. Ngoja uanze kuchipua.

#38 MkulimaSabaki
Na ukingoja kwenye tope hutaona kuchipua.

#39 Kijana_wa_Barani
Mimi niko katikati. Chimbua kidogo kandokando, unuse. Udongo ukinuka uchachu, badilisha leo. Usiponuka, ngoja Septemba. Mbolea isitiwe hata chembe mpaka uone miiba mipya, maana mmea ulioduwaa haunyonyi, chumvi za mbolea zinabaki kuunguza mizizi.

#40 Asha_Watamu
Wakubwa, ruhusuni niulize: kwa nini asikate tu? Kaktasi ndefu hivyo akate juu ya kovu, kichwa akiweke kivulini juma moja au mawili hadi kidonda kikauke kabisa, apande kwenye mchanga mkavu. Shina la chini nalo huchipua matawi pembeni. Atakuwa na mbili, na iliyo juu haina doa.

#41 mama_wa_vyungu
Kukata msimu wa unyevu, kidonda hakikauki. Kaskazi ndiyo ya kukata. Kisu kipanguswe kwa spiriti, na kidonda kipakwe unga wa salfa.

#42 BiKiwandani
Ama majivu safi ya jikoni. Na hilo sitalibishaniwa.

#43 BintiMaweni
Shangazi hataki isikike habari ya kisu. Anasema tutaigeuza, kovu litazame ukutani, wageni hawataona. Lakini Asha amenipa tamaa.

#44 Kijana_wa_Barani
Ukigeuza, ule ubavu wa kijani uliozoea kivuli ndio utatazama dirisha sasa. Geuza kidogo kidogo, robo kwa robo, si kwa mara moja. Vinginevyo utakuwa na makovu mawili.

#45 MwanaLangoni
Binti, siku utakapokata, kichwa nakiomba mimi. Kipe basi la Mokowe, nitatuma mtu akipokee, kivuke kwa mashua.

#46 Asha_Watamu
Wazo ni langu na kichwa kiende Amu?

#47 MzeeWaGede
Gede ni karibu kuliko kote.

#48 BiKiwandani
Kikipanda basi kisifungwe kwa nailoni, kitatoka jasho na kuoza njiani. Kizungushieni magazeti matatu manne, halafu gunia, kisimamishwe wima. Na kondakta aambiwe ni miiba, asikipakate.

#49 BintiMaweni
Bado sijakata jamani. Kwanza mwenye miwani ya kuonea mbali na karibu hapa Maweni aje anitazamie hii karatasi.